Mzigo Uliofungwa Haufunguliwi

Shule niliagana nayo darasa la nne. Lakini leo hapa Tarime, ukifika Bomani ukauliza fundi wa pampu, jenereta na fensi za umeme wa jua, watakuleta kwangu hata kama ulikuwa unamtafuta mwingine. Wenye digrii wapo, ahadi zinawashinda. Mimi nilitunga sheria.

Zamani kazi ilikuwa ya mwenye sauti kubwa. Fundi kapangiwa Robanda, tajiri wa Genkuru anapiga simu, fundi anageuzwa, wa Robanda anaambiwa kesho. Nikasema basi. Jioni, vifaa vya kazi ya kesho vinafungwa kwenye pikipiki ya fundi kwa mpira wa tyubu. Vikishafungwa, hafungui mtu, labda mteja aliyepewa siku aruhusu mwenyewe. Ilikuwa sheria nzuri. Niliwaambia mafundi hivyo, wakakubali.

Asubuhi moja mama mkwe akapiga kutoka Genkuru. Mashine yake ya kusaga imezima, na kesho wageni wanavuka kutoka Kenya kuzungumza mahari ya binti yake mdogo. Mama mkwe haambiwi hapana. Mafundi walishatoka wote isipokuwa mmoja, Msukuma aliyekuja huku kufuata dhahabu akanipata mimi. Alikuwa anawasha pikipiki, vifaa vya Robanda viko nyuma. Huko kuna mjane fensi yake haina umeme, mahindi yamekomaa, na tembo wameshaonekana kando ya shamba.

“Mura, kijana wangu, Genkuru ni njiani. Anza na mashine.”

“Bosi, mashine ile ni kazi ya siku nzima. Na mzigo umeshafungwa.”

“Sheria ni ya nani?”

“Yako, bosi. Ndiyo maana naiogopa.”

Nikampigia yule mjane, nikamweleza mambo ya ukwe kwa adabu zote, aniachie siku moja tu.

“Pole baba,” akasema. “Na tembo niwape namba yako muongee?”

Fundi akaondoka.

Genkuru nikaenda mwenyewe. Kwetu mtu havui koti mbele ya mama mkwe, kwa hiyo nililala chini ya injini na koti langu la kanisani, yeye akiwa nje ya ukuta wa mabati. Injini za aina ile nilikuwa nazifungua nimefumba macho. Siku hizi boliti wanatengeneza vibaya.

“Mwanangu, bado?”

“Bado kidogo, mama.”

Jua likielekea kuzama, fundi akapiga. Fensi imewaka, ukigusa inapiga shoti. Tembo wamekuja, mmoja kagusa waya, wote wamehamia kwa jirani.

“Jirani mwenyewe yuko wapi?”

“Yuko hapa, bosi. Anauliza bei ya fensi.”

Nikatoka chini ya injini. Nikamwambia mama mkwe kwamba unga wa wageni nitaununua dukani, na mashine nimeipangia fundi kesho asubuhi.

“Na tajiri wa huku akipiga simu, fundi hatageuzwa?” akauliza nyuma ya mabati.

“Mama, hata nikipiga mimi.”