Kiti Kibaya cha Baba

Baba alipoanza kuishiwa pumzi hakuweza tena kulala chali, wala kukaa wima kwenye kigoda. Enzi ya Mjerumani, kabla ya reli, alibeba mizigo ya watu kichwani kutoka Tabora hadi pwani. Sasa, enzi ya Mwingereza, kutoka chumbani mpaka barazani tu alishika ukuta. Mganga wa hospitali alisema awe anaegemea, dawa nyingine hana. Mimi nilikuwa seremala, nikajiambia hilo angalau naliweza.

Nilimwegemeza kwenye magunia mawili ya karanga, nikawa nayasogeza kidogo kidogo mpaka kifua chake kikatulia. Hapo nikapima kwa kamba: mgongo ulivyolala, goti lilipokunjika, kiwiko kilipopumzika. Nikachagua mninga mzuri, nikapiga randa, nikapiga msasa, nikapaka nta hadi kiti kikang'aa. Asubuhi alipokikalia alivuta pumzi ndefu ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwezi wa mfungo. Nilifurahi kama mjinga.

Saa nne watu wakaanza kuja kumjulia hali. Wa kwanza alikuwa rafiki yake wa msikitini. Baba akainuka huku anahema, akampisha, yeye akakaa kwenye kigoda. Kwetu kiti kizuri ni cha mgeni, na mimi mpumbavu nilikuwa nimetengeneza kizuri kuliko vyote mle ndani. Mgeni alipoondoka nilimsihi baba asirudie.

"Unataka nionekane sina adabu?" akaniuliza.

Adabu hiyo yeye ndiye aliyenifundisha, tena kwa fimbo. Wageni hawakuisha. Kila mmoja aliondoka akimwacha baba midomo imepauka.

Nikatengeneza kingine. Vipimo vilikuwa vilevile, ila mbao nilitoa kwenye makasha ya sabuni, maandishi bado yanasomeka. Upande unaogusa mgongo niliulainisha, wa nje nikauacha na makovu ya misumari. Iliniuma, maana nilikuwa na kiburi na kazi yangu. Lakini hakuna mgeni ambaye angekaribishwa kwenye kitu kile.

Na kweli, yule rafiki aliporudi, baba aliinua mkono tu kumwonyesha kiti cha mninga, mwenyewe akabaki ameegemea. Mgeni akakaa. Akayatazama yale maandishi ya sabuni, kisha akanitazama mimi niliyesimama na birika la kahawa.

"Hicho nacho, ndugu yangu, nani kakutengenezea?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kueleza nisingeweza, maana ningekuwa namwambia mgeni kwamba kukaa kwake ndiko kunakomuua baba.

"Nimenunua," baba akasema. Akatulia, akatafuta pumzi. "Sokoni. Mwanangu... katengeneza hicho ulichokalia wewe."

Maneno hayo yalimmaliza. Alihema kwa muda mrefu sana, macho kayafumba, na mimi nikammiminia mgeni kahawa.