Povu la Msandali Kichwani Mwangu

Watu wa mume wangu siwapendi, na wao hawanipendi. Naanza na hilo ili mtu asinitafutie upole ambao sina. Tangu siku nilipoolewa kijijini kwao Mundika waliniangalia kama mzigo uliokataliwa mpakani, nami sikuwabembeleza.

Mume wangu alikuwa wakala wa mizigo kwenye mpaka wa Malaba. Madereva wa malori walimjua, na kila mmoja alijua ugonjwa wake: sabuni za kunyolea. Siyo zile za mkebe wa kupuliza, hizo alizidharau. Alitaka sabuni ngumu ya ndani ya kopo la duara, yenye harufu yake. Dereva akitoka Mombasa alimletea ya ndimu, akitoka Kampala ya mdalasini, na aliyetaka karatasi zake zishughulikiwe kwa moyo mkunjufu alileta ya msandali.

Mwanzoni nilimcheka. Mwanamume mzima, kitambi chake mbele, amefumba macho ananusa kopo! Lakini Jumamosi moja alinikalisha nyuma ya nyumba mbele ya beseni la maji moto, akanipa brashi iliyolowana.

"Zungusha polepole," akasema. "Hapa hatufui nguo."

Nikazungusha. Kwanza yakatoka mapovu makubwa ya kipuuzi, kisha yakaanza kukazana, mpaka povu likawa zito kama maziwa mala. Hapo ndipo harufu ikapanda. Ilikuwa ya mti uliokatwa leo, na kwa mbali kitu kama moshi. Nilisahau ugali jikoni ukaungua, na sikujali. Tangu siku hiyo kazi ya povu ikawa yangu. Nilimpaka mashavuni, chini ya kidevu, shingoni, naye akajinyoa kwa wembe wa kawaida uliofungwa kwenye mashine ndogo ya chuma, halafu tukapaka tena na kunyoa upya. Majirani walifikiri tumerukwa na akili. Ilikuwa saa yangu tamu kuliko zote za juma, hata kuliko kanisa, na padri anisamehe.

Kisha akaugua, mikono ikaanza kutetemeka, nikachukua wembe. Nilijifunza kuvuta ngozi kwa kidole, kufuata nywele zinakolala, kusikiliza wembe unavyokwaruza. Siku nyingine alikataa hata uji, lakini povu hakulikataa.

Mdogo wake alikuja kumwona wakati huo. Alisimama mlangoni, akakunja pua.

"Bro, hii harufu ni ya wamama. Huyu mama anakupaka nini?"

Mume wangu alikuwa ameshachoka kujibu. Mimi nilijibu, na sirudii hapa nilichosema. Kabla ya wiki kuisha, Mundika nzima ilikuwa inasema namuua mume wangu kwa sabuni ya dawa iliyotoka Uganda. Upuuzi mtupu. Aliuawa na figo.

Tulimzika kwao. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo pale matangani sikuwa na wa kunisimamia, na shemeji yangu, yule mdogo wake, alilijua hilo vizuri. Katika familia ile, mjane hunyolewa kichwa baada ya mazishi, na wembe lazima ushikwe na mkono wa ukoo. Kabla ya kunyolewa bado ni mke wa marehemu, na hakuna mwanamume wa kumgusa. Akishanyolewa ameachiliwa, na ukoo unaweza kumkabidhi kwa ndugu mwingine, yeye pamoja na nyumba.

Shemeji ana mke kule Nambale na mwingine anayemficha Busia mjini. Hakuona aibu kunifuata nilipokuwa naosha sufuria za waombolezaji.

"Shemeji, usijali," akasema. "Nyumba ya Malaba haiwezi kaa bila mwanaume. Tukishanyoa tu, mimi niko."

Nilitamani kumpiga na sufuria. Lakini ningefanya nini? Kukataa kunyolewa kungewapa sababu ya kunifukuza kama mchawi, na midomo ilikuwa tayari. Nilimwendea senge, shangazi yake mume wangu, ambaye ndiye angeshika wembe. Nikamwomba jambo moja tu: aninyoe kwa sabuni ya mume wangu. Niliomba kwa adabu, nimepiga magoti.

"Mjane hanukii!" akafoka. "Unataka kuita marehemu arudi? Ni maji baridi na wembe, basi."

Shemeji alikuwa karibu, akacheka. "Hizo sabuni zote zinaenda kwa shimo. Nikiingia kwa hiyo nyumba sitaki takataka."

Takataka. Neno hilo lilinichoma kuliko kifo chenyewe, na sioni haya kulisema.

Asubuhi ya kunyolewa niliamka kabla yao, nikachota maji ya moto kwenye sufuria ya chai, nikajifungia bafuni, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Nilikuwa na kopo la msandali, brashi yake na mashine yake. Nikatanguliza mkasi, kisha nikazungusha povu bila haraka, kama nilivyofundishwa, nikajipaka kichwa kizima. Lilikuwa na joto. Lilinitiririka nyuma ya masikio, harufu ikajaa kibanda, nikalia kwa sauti huku mkono ukifanya kazi. Nyuma ya kichwa sikuona, nikanyoa kwa kupapasa. Nikapaka tena, nikanyoa tena. Nilikuwa nina hasira na nilikuwa nastarehe, vyote kwa pamoja. Nilijua watanifukuza. Nilisema moyoni, wanifukuze nikinukia.

Nilipotoka walikuwa wamekaa chini ya hema, beseni la maji baridi katikati.

"Nani amekunyoa?" senge akauliza.

"Mimi."

"Nywele ziko wapi?"

"Chooni."

Mtu mmoja aliguna. Shemeji akasimama haraka, ana furaha.

"Si imeisha basi? Kichwa ni kipara. Tuendelee na ile ingine."

Senge alimgeukia kama amemwagiwa maji ya moto.

"Nyamaza! Umeona mkono wa nani umeshika wembe? Huyu hajanyolewa. Bado ni bibi ya marehemu. Mguse uone, tukuzike na wewe!"

"Basi mnyoe tena."

"Ninyoe nini? Ngozi? Mpaka nywele ziote."

Asidhani mtu kwamba alikuwa ananitetea. Yule mama ananichukia kuliko wote. Alikuwa anatetea wembe wake. Lakini mimi nilisimama pale, upepo unanipiga utosini, na polepole nikaelewa alichonipa. Nilichukua begi langu nikarudi Malaba siku hiyohiyo.

Nywele zangu huota haraka. Kila Jumamosi huchemsha maji, huchagua kopo, na kuziondoa kabla hazijashikika. Madereva bado huniletea sabuni. Mmoja ameniletea ya waridi, nikaona ni tamu mno, nikairudia ya msandali. Senge ametuma watu mara nyingi kuja kunitazama kichwa, wakakuta kipara, wakarudi.

Jumamosi iliyopita alikuja shemeji mwenyewe, amevaa shati jipya. Nilimfungulia mlango nusu, upande mmoja wa kichwa ukiwa bado na povu. Alinusa, akakunja pua ileile. Akasema amekuja tuongee mambo ya nyumba.

Nikamwambia mwenye nyumba hayupo, na mke wake hapokei wanaume.