Mchele wa Wino

Mchele ukiungua hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni tamu, inatia njaa. Ya pili ni kali, inakwama kooni. Asubuhi ya leo jirani yangu alisahau chungu motoni, nami nilikuwa nimekaa mbele ya karatasi ambazo sijazigusa tangu niliporudi kutoka masomoni Misri. Nikainusa harufu ile, na mara nikawa mtoto tena, chuoni kwa Mwalimu Haji tulikosoma Kurani.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Mizinga ya Wajerumani ilipoanza kupiga Bagamoyo kutoka baharini, tulikimbilia Mkange, tukakaa huko miezi mingi tukila mizizi. Baba tulimzika huko. Tuliporudi Dunda, mtaani kwetu Bagamoyo, nyumba yetu ilikuwa kuta tu.

Haukupita muda Mwalimu Haji akapita mlango kwa mlango kusema chuo kinafunguliwa. Alikuwa mzee asiye na mke wala mtoto, na kanzu yake ilikuwa imefuliwa mpaka mbavu zinaonekana. Kabla ya vita tuliandika aya kila asubuhi kwenye ubao, tukaihifadhi, kisha tukauosha. Sasa alitaka turudie vivyo hivyo, bila kukosa siku. Na kila mtoto aje na konzi moja ya mchele wa wino.

Ndivyo wino wetu ulivyotengenezwa: mchele ulikaangwa na Mwalimu mwenyewe mpaka ukawa mkaa, ukasagwa, ukatiwa maji ya ndimu na gundi. Wakati wa shibe hakuna aliyeona ajabu. Lakini mwaka ule mchele tuliupima kwa kikombe cha kahawa, na mdogo wangu Zuena alikuwa amevimba miguu kwa njaa.

"Mama, tunachoma chakula?"

"Peleka."

"Kwani masizi ya chungu hayaandiki?"

"Wewe na maswali yako. Peleka kabla sijabadili nia."

Zamani tulikuwa ishirini chuoni, tulirudi saba. Vidole vilikuwa vimesahau kazi. Mwalimu alinishika mkono, akacheka kidogo. "Alifu yako imelewa, bwana mdogo. Isimamishe." Siku baada ya siku ikaanza kusimama.

Ndipo nikaunusa wino. Haukuwa na harufu ya mchele hata kidogo. Nikausugua kidoleni, ukateleza kama masizi. Sikungoja tubaki wawili, mimi na Mwalimu. Nilisema mbele ya wote, na mbele ya wazee wawili waliokuja kumsalimu.

"Mwalimu, huu ni masizi. Mchele wetu uko wapi?"

"Umeingia tumboni," akasema mtoto mmoja, na wenzake wakacheka.

Nilijiandaa kwa bakora. Mwalimu aliweka kalamu chini, akatoa kifurushi chini ya mkeka, mchele wa siku ile, akaniwekea mkononi.

"Mrudishie mama yako. Kesho msilete."

Nilikwenda nyumbani nikikimbia, najiona shujaa. Zuena angekula. Nilimsimulia Mama yote; alifungua kifurushi, akakaa chini palepale.

"Nani alikutuma kuuliza?"

"Hakuna. Amekuwa akitudanganya, Mama."

"Tunajua. Sote tunajua."

"Basi kwa nini hamkumpa tu mkononi?"

"Angepokea?"

Jioni alinituma na bakuli la wali. Mwalimu alijibu nyuma ya mlango kwamba ameshakula, nimwambie mama ahsante. Akina mama wengine nao walituma, na wote walipewa jibu hilohilo. Chuo kiliendelea kila asubuhi, kwa wino wa masizi, naye akitusahihisha kwa sauti iliyozidi kufifia. Siku ya kumi na moja tulikuta mlango umefungwa kwa ndani. Wazee wakauvunja, kisha wakatuma mtu kutafuta sanda. Mbao zetu zilikuwa ukutani, na aya ya jana ilikuwa bado haijaoshwa.

Zuena alipona. Ana watoto wawili sasa na hakumbuki lolote. Mimi nakumbuka, na bado naamini mtu ana haki ya kuuliza kila kitu. Walimu wangu wa Misri walinisifia hilo. Ila siku ile swali langu lilikuwa na jibu lililokaa mbele yangu, ndani ya kanzu ile, na mimi pua yangu ilikuwa kwenye wino.

Nimeandika ukurasa huu mmoja leo. Wino ni wa dukani, hauna harufu. Kesho asubuhi nitakaa tena, maana Mwalimu hakukosa hata siku moja mpaka ile ya kumi na moja.