Mama Singano na Mlalo wa Kutua Mzigo

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Muheza, nilivaa viatu vilivyong'arishwa na shati jeupe. Msimamizi wa Mazoezi ya Viungo akanitazama na kuniambia nivue viatu.

"Mtu hafundishi mgongo akiwa amefungwa miguu," alisema. "Simama hapo."

Nikasimama. Akanizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akasema, "Kidato cha nne umemaliza, lakini kusimama bado hujui."

Msimamizi alikuwa Mhindi mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake cha pwani kabisa. Yoga alifundishwa na baba yake tangu utotoni, naye akaiingiza katika kazi yetu ya kuwanyoosha wagonjwa waliovunjika au kuumia mgongo. Uhuru ulikuwa bado mchanga, wataalamu walikuwa wachache, na kila mwenye ujuzi aliambiwa autoe. Yeye alitoa huo.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mna mashine. Sisi tulikuwa na mkeka, ukuta na mikao. Msimamizi aliigawa kwa jinsi mwili ulivyokaa. Kwanza mikao ya kusimama, kama ule wa mlima, miguu sambamba, uzito umeenea kwenye nyayo zote. Na ule wa mti, unaposimama kwa mguu mmoja. Hiyo huimarisha miguu na kumpa mtu mizani. Ya kukaa na kuinama mbele hulegeza misuli ya nyuma ya paja, ambayo ikikaza huvuta kiuno. Ya kuinua kifua, kama ule wa nyoka, unalala kifudifudi na kuinua kichwa na mabega, huupa nguvu mgongo uliozoea kuinama. Ya kusokota kiwiliwili hulainisha pingili za uti wa mgongo. Ya kupindua, miguu juu, hupumzisha miguu iliyovimba, lakini mwenye presha tulimkataza. Na mwisho mikao ya kulala, ambayo Msimamizi aliiheshimu kuliko yote. Mkubwa kati yake unaitwa mkao wa maiti: unalala chali, viganja juu, unaachia kiungo kimoja kimoja mpaka mwili wote utulie.

"Mkao huu ndio unaofunga kazi," alikuwa akisema. "Ukiuruka, umepika wali ukasahau kuupalia makaa."

Mimi mguu wangu haujawahi kutulia mahali pamoja, kwa hiyo nilipopewa uhamisho kwenda milimani, kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Bumbuli, nilifurahi. Nilipanda gari Mombo, na kadiri barabara ilivyozidi kujikunja ndivyo nilivyozidi kuona wagonjwa wangu wa kesho: wanawake wenye mizigo ya kuni kichwani, na wengine wameinamia jembe kwenye miteremko ambayo mbuzi angeifikiria mara mbili.

Mmoja wao alikuwa Mama Singano, mjane ambaye mgongo ulimkaza hata akiinama alilia. Mikao yote aliifuata vizuri mpaka tulipofika wa maiti.

"Wa nini?"

"Wa maiti, Mama."

"Maiti huoshwa na watu. Mimi nimeoga mwenyewe asubuhi," alisema, akajifunga kanga tayari kuondoka.

Nikamwomba akae. Nikamwuliza, akifika nyumbani na kuni, jambo la kwanza hufanya nini? "Natua," alijibu. Basi tukauita mlalo wa kutua mzigo, naye akalala. Nilimwagiza aufanye nyumbani kila akimaliza mazoezi.

Wakati huo kijiji chake kilikuwa kimeingia Ujamaa. Asubuhi wote walikwenda shamba la pamoja. Jioni kila mtu alirudi kwenye kipande chake bondeni. Kipande cha Mama Singano kilikuwa cha kabichi na karoti, na hicho ndicho kilichowalisha wanawe. Asubuhi moja maumivu yalimzidi, akabaki nyumbani kufanya mazoezi. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Kaniki, akapita kuhesabu watu, akachungulia mlangoni, akamkuta chali kwenye mkeka, macho amefumba. Hakumwuliza. Kwenye kamati ya kijiji akasema kijiji kina kupe anayenyonya jasho la wenzake, na kupe hafai kuachiwa kipande bondeni.

Habari zilipofika kituoni, Mganga Mfawidhi, mkubwa wangu mpya, mtu wa maneno machache, aliniita.

"Nenda mkutanoni. Usiwahutubie, wamehutubiwa vya kutosha. Waonyeshe."

Nikachukua mkeka, nikateremka.

Watu walikuwa wamekaa nje ya shule. Mzee Kaniki alikuwa amesimama. "Ndugu Mwenyekiti, jua liko hapa, wenzake wanalima, yeye kalala!"

"Nilifumba macho, masikio sikufumba," Mama Singano akasema kutoka alikoketi. "Nilikusikia ukiwauliza kuku wangu nipo wapi."

Watu wakacheka. Nikamwamkia Balozi, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye unayewalaza wanawake wetu mchana?"

Wakacheka zaidi, safari hii wakinicheka mimi. Nilitandika mkeka, nikamwomba anisaidie: alale tu, kama alivyomwona Mama akilala. Alikataa, wazee wenzake wakamsukuma kwa utani, akalala.

"Fungua vidole, Mzee."

"Vimefunguka."

"Havijafunguka!" wanawake wakaitikia. Kweli, viganja vilikuwa vimejikunja kama vimeshika mpini. Mabega hayakugusa mkeka. Nikapitisha mkono wangu chini ya kiuno chake, ukatokea upande wa pili.

"Balozi bado anapalilia!" mtu akapiga kelele.

Nikamwambia avute pumzi na aitoe taratibu, aachie mabega, aachie taya. Kicheko kikapungua. Watu walianza kuangalia mikono yao wenyewe. Vidole vya mzee vikafunguka polepole, kama vya mtoto aliyepitiwa na usingizi.

"Unaweza kuamka, Mzee," nikasema.

Hakuamka. "Huyu mama hulala hivi mpaka lini?"

"Mpaka mgongo uguse mkeka."

Akajipima. "Wangu bado," akasema. Kisha, akiwa palepale chali, akainua mkono mmoja: "Ndugu Mwenyekiti, hoja yangu naiondoa."

Kipande cha bondeni kikabaki cha Mama Singano. Zamu yake ya shamba la pamoja ikahamishiwa kwenye kitalu cha miche, mahali anapoweza kufanya kazi ameketi.

Niliacha utumishi kabla ya kutimiza hamsini, kwa sababu sipendi kuona mlima mmoja kila asubuhi. Nimezunguka sana tangu hapo. Nikiulizwa mkao ulio mgumu kufundisha, watu hutarajia nitaje wa kichwa chini miguu juu. Hapana. Ni wa kulala. Miaka ile tulihimizwa kubeba, na tulibeba kwa moyo. Kutua hakuna aliyetuonyesha.

Majuzi nilipita bondeni kwa Mama Singano. Alikuwa kati ya kabichi, mvi zimemjaa, mgongo umenyooka. Nilimwamkia kutoka njiani, begi begani, nikisema nina haraka, gari la Mombo litaniacha.

"Gari lipo na kesho," alisema bila kuacha kupalilia. "Weka begi chini, mwanangu."

Nikaliweka.