Maneno Mawili ya Euphrasie

Kazi yenyewe ilikuwa kudeki hospitali huko Maplewood, ughaibuni, na huu ulikuwa usaili wa saba. Safari hii binti yake, Reine, alimkaririsha Euphrasie aseme kwamba yeye ni confident, anajiamini, na optimistic, ana matumaini. Lakini kwao Bukavu mtu aliyefunzwa adabu hajisifu hata kidogo! Humsifu aliyemkaribisha. Basi bosi alipomwambia ajieleze, Euphrasie akaona haya, akamjibu kwa Kiingereza kwamba yeye bosi ndiye confident, yeye ndiye optimistic. Bosi akacheka, akamshukuru, akamwita mwingine.

Alikuwa kwenye basi Reine alipopiga simu.

“Mama, umeyasema?”

“Yote mawili.”

“Asante Mungu! Sasa unajisikiaje?”

Euphrasie akatazama theluji. Maneno yote mawili alikuwa ameshamwachia bosi.