Binti wa Dalali na Kurasa Mia Nne

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Lorene Tackett, karani katika Seneti ya jimbo, ilikuwa kusoma kwa sauti na kujinyamazia. Kura hana, maoni hatoi. Lakini muswada wa kukarabati madaraja ulimgusa penyewe. Daraja la Mto Sandlick lilikuwa limo, na tangu lifungwe, dada yake Opal alikuwa akizunguka maili arobaini, mara tatu kwa wiki, kwenda kusafishwa damu.

Seneti ilikuwa imegawanyika nusu kwa nusu, na watu wazima wale hawakuafikiana hata saa ya kula. Siku ya mwisho ya kikao, saa sita mchana, Seneta Whitlow, aliyechukia kuona upande wa pili ukijipatia sifa, alidai kanuni ifuatwe: muswada usomwe wote, neno kwa neno. Kurasa mia nne! Kikao kingefungwa saa kumi na mbili jioni, na muswada usiopigiwa kura ungekufa hapo hapo. Akaketi, akaanza kumenya karanga.

Hakujua kwamba Lorene ni binti wa dalali wa mnada wa tumbaku. Alikulia ghalani, akimfuata baba yake kati ya marobota, akajifunza kumwaga maneno kwa kasi ya mnadani bila kumeza hata moja. Kanuni ilitaka asome. Haikusema asome polepole. Alikunywa maji, akaanza.

Kufikia ukurasa wa sitini Whitlow alikuwa amesahau karanga zake. Akalalamika kwamba huko si kusoma, hakuna anayeelewa kitu. Mwenyekiti akauliza ukumbini kama ni kweli.

Aliyesimama ni mzee Brashear, seneta mkulima, wa chama kile kile cha Whitlow.

"Baba yake huyu alininadia tumbaku miaka ishirini," alisema. "Nimesikia kila neno. Ukurasa wa hamsini na nane kuna daraja la shule ya kwetu. Mbona hukuniambia, Whitlow?"

"Si ungesoma mwenyewe, mzee?"

"Ndiyo nasomewa sasa. Endelea, Bi Lorene."

Alimaliza saa kumi na moja na nusu, koo likimwaka. Akaita majina ya maseneta wapige kura, kwa sauti ya kukwaruza. Brashear akajibu ndiyo, na muswada ukapita kwa kura hiyo moja.

Alipompigia dada yake simu, sauti haikutoka kabisa.

"Lorene? Umepita?"

Akagonga simu kwa ukucha, mara moja: ndiyo. Upande wa pili Opal akaangua kilio, na Lorene, bila sauti, akalia naye.