Kitabu cha Farasi wa Pembe na Karanga Zangu

Sikukipenda kile kitabu tangu siku ya kwanza, na mpaka leo sikipendi. Nasema mapema, mtu asingoje kwamba mwishoni nitalainika.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka kumi na mmoja alipoletwa. Mama yake, binti yangu, aliolewa ng'ambo, Kongo, upande wa Butembo. Ndoa ilipovunjika alivuka daraja la mpakani la Mpondwe na mtoto mkononi, akaniambia mbele ya huyo mtoto: "Mama, huyu amenishinda. Na wewe akikushinda, mpeleke kwa watu wa baba yake." Watu wa baba yake nawajua. Kwao msichana wa umri ule hubebeshwa mizigo mpaka apate mume, na mume hakawii. Nikamwambia mtoto: "Umesikia. Utakaa kwangu Bwera, utasoma. Siku utakayofukuzwa shule, siku hiyohiyo unavuka daraja."

Alinitazama kama paka aliyefungiwa jikoni.

Alikuwa mkorofi, sitafuni maneno. Alivunja sahani. Alimng'ata mtoto wa jirani sikio. Shuleni alimpasua mwenzake kichwa kwa jiwe kwa sababu alimwita mkimbizi, na hedimasta akaniita, akasema bado kosa moja tu afukuzwe. Ndipo mwalimu mmoja wa kike, kijana asiyejua hata kusalimia watu wazima, akampa kitabu cha Kiingereza kutoka kabati la shule akasome nyumbani.

Mimi Kiingereza sijui. Shule niliishia darasa la pili. Mtoto alinieleza kwa kinywa chake siku nilipomlazimisha. Kitabuni kuna msichana amefiwa na mama, analelewa na shangazi. Anamfokea shangazi, anabamiza milango, anatorokea msituni. Huko anakuta farasi weupe wenye pembe moja katikati ya paji la uso. Farasi hao wanakimbia watu wote isipokuwa yeye, kwa sababu moyo wake umeumia.

"Na shangazi anamchapa lini?" nikauliza.

"Hamchapi."

"Basi aliyeandika hajalea mtoto."

"Nyanya, ni hadithi tu."

"Hadithi ya kufundisha nini? Ufoke, utoroke, halafu upewe farasi?"

Hiyo pembe ndiyo ilinikera zaidi. Sisi wa Kasese mbuga iko mlangoni. Mnyama wa pembe tunamjua, ni nyati. Shemeji yangu alienda kukata kuni, nyati akamkuta, tukamzika bila kumfunua uso. Nyati hakumuuliza kama moyo wake umeumia. Na ulikuwa umeumia kweli, maana mkewe alikuwa amemkimbia wiki ileile.

Nikamwambia mtoto kwamba nikikiona tena kitabu hicho nyumbani mwangu nakitia motoni. Alijua mimi nikisema nimesema. Lakini ukweli mwingine pia niuseme: tangu kitabu kije, hakuwa amempiga mtu. Hilo nililiona, nikanyamaza nalo.

Kazi yangu ni karanga. Nazikaanga mwenyewe, naziuza soko la Mpondwe, kando ya njia wanayopita wapagazi wakitoka forodhani. Karanga hufungwa kwa karatasi. Unachana ukurasa, unausokota uwe na ncha chini, unamimina, unakunja juu. Karatasi nanunua kwa kilo, gunia zima: madaftari yaliyoisha, mitihani ya zamani, barua za maofisini. Sichagui. Karatasi ni karatasi.

Yule mtoto, kwa akili zake, akaona nyumba nzima hakuna mahali nisipopekua ila ndani ya lile gunia. Akakizika kitabu chini kabisa, kimevikwa gazeti kama wanafunzi wanavyovika vitabu vyao. Siku nyingi mimi huchukua fungu la juu tu. Lakini siku hiyo ya soko nilijua Wakongo watavuka wengi, nikabeba gunia lote. Karanga zikatoka mbio. Nilichana huku macho yangu yako kwa wateja. Mkono ulishika fungu moja lililovikwa gazeti; gundi yake ya nyuma ilikuwa imelegea, basi nikaanzia huko.

Saa kumi akaja kutoka shule kunisaidia. Akaona kilichobaki mapajani mwangu, nusu.

"Nyanya, hiyo nini?"

"Karatasi. Shika ungo."

"Mwisho uko wapi?"

"Mwisho wa nini?"

"Wa kitabu! Nilikuwa sijafika mwisho!"

Mpagazi alikuwa anapita anatafuna. Mtoto akamrukia, akampokonya karatasi mkononi, karanga zikamwagika, mpagazi akamtukania mama yake. Haukuwa ukurasa wake, ulikuwa mtihani wa hesabu. Akarudi akaupiga teke ungo wangu. Karanga zote kwenye tope. Nikampiga kofi, naye akanishika kifundo cha mkono kwa meno.

Jirani yangu wa soko, mama Mkatoliki wa kutoka Beni anayeuza mawese, akaingia katikati.

"Mama, muache mutoto! Utamuua juu ya karanga?"

"Karanga ni zangu na mtoto ni wangu. Uza mawese yako."

"Hata kama! Na wewe mutoto, meno iko ya kula chakula, haiko ya kula nyanya!"

Watu wakacheka. Sisi wawili hatukucheka. Mtoto alifuta mdomo, akasema polepole, "Kitabu cha shule hicho. Sasa watanifukuza. Na wewe utanivusha, si ulisema?"

Nilisema, na sina desturi ya kumeza maneno yangu.

Asubuhi nikamwaga gunia sakafuni. "Wewe unayesoma, tafuta kurasa zako, huenda nyingine zilidondokea humu." Alitafuta kwa magoti, hakupata hata moja. Alichopata ni muhuri. "Huu ni wa shule yetu," akasema. "Na huu. Na huu." Mingine ilikuwa kwenye mitihani. Mingine ilikuwa kwenye kurasa za vitabu, vitabu vizima vilivyong'olewa majalada. Nikazikusanya, nikajifunga mtandio, tukaenda.

Hedimasta alikuwa na yule mwalimu kijana ofisini. Mtoto akasema kitabu hakipo, na hedimasta akanigeukia.

"Hajati, mjukuu wako amepoteza kitabu."

"Hajapoteza. Nimekichana mimi, nimefungia karanga."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. "Sheria ni sheria, Hajati. Nilimwambia kosa moja. Na wewe kutojua kusoma si ruhusa ya kuharibu mali ya shule."

Nikamwaga karatasi mezani kwake. "Kusoma sijui. Muhuri naujua. Karatasi hizi nilizinunua hapahapa, kwa mtunza stoo wako, mlango wa nyuma. Humu kuna vitabu vyako. Yeye mmemfukuza lini?"

Aliinua ukurasa mmoja, akaugeuza, akaulaza. Mwalimu kijana alitazama ukuta.

"Mtoto aende darasani," hedimasta akasema.

"Na kitabu?" mwalimu akauliza.

"Nimesema aende darasani."

Mwalimu akaahidi kutafuta nakala nyingine Kasese mjini. Haikupatikana. Mjukuu wangu hajui mpaka leo wale farasi walimfanya nini yule msichana, na kila tukigombana ananikumbusha. Namjibu kwamba kama ni wanyama wa pembe, mwisho naujua mimi.

Siku ile hakushukuru, wala sikutegemea. Nilimfuata mpaka mlango wa darasa.

"Saa kumi uje sokoni. Kuna karanga za kuosha tope."

"Sijakusamehe," akasema, kwa sauti, wenzake wakisikia.

"Sijakuomba."

Akaingia. Nilisimama hapo nje mpaka nikaona ameketi, kwa sababu simwamini.